Biashara Isomwe, Lakini Ianzie Nyumbani

Kijana wa jirani yangu hapa Vitengeni ataka kwenda Ohio, Marekani, akasomee biashara na utafutaji soko, kisha aajiriwe huko huko. Namwombea heri. Lakini, ndugu wasomaji, mamake angali auza korosho kwa dalali, na bei huitaja dalali. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku korosho ghafi kupelekwa ng'ambo; dalali hakuondoka.

Elimu hii si ngeni kwetu. Mtume (S.A.W.) alichukua mali ya Bibi Khadija akaiuza kwa uaminifu. Na Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kilichopata hati yake mwaka 2013, chaifundisha. Mimi naona aanze hapo.

Juzi nilimwuliza, "Mwanangu, kilo ya korosho za mamako yauzwa ngapi Mombasa?" Akanyamaza.