Daktari wa Lorugum asailiwe kwa lugha ya nani?

Mahojiano ya kuwateua watakaosomea udaktari, au usaili kama wapendavyo kusema wenzetu wa Tanzania, ni jambo ambalo wengi wa vijana wetu wa Kenya hawalijui. Hapa kwetu mlango wa shule ya udaktari hufunguliwa kwa alama. Kijana hufanya mtihani wa kidato cha nne, alama zake hujumlishwa, kisha huteuliwa na KUCCPS, asasi iliyorithi kazi hiyo kutoka kwa Bodi ya Pamoja ya Uteuzi (JAB) kutokana na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Hakuna amwonaye uso, wala amsikiaye akitamka neno. Mtu atakayekula kiapo cha kuwauliza wenzake maisha yake yote, "Unaumwa wapi?", huingia chuoni bila yeye mwenyewe kuulizwa lolote.

Marekani mambo ni kinyume. Huko zipo njia mbili za kuwa daktari kamili, na mojawapo ni ya osteopathi, iliyoasisiwa na Andrew Taylor Still, ambaye mwaka 1892 alifungua shule yake katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri. Still alishikilia kwamba mwili ni kitu kimoja na kwamba mikono ya daktari ni chombo cha kutambulia maradhi na cha kutibia. (Wakandaji wetu na waunga mifupa wa vijijini wangemwelewa upesi kuliko walivyomwelewa madaktari wenzake.) Mwombaji wa shule hizo, hata akiwa na alama nzuri, huitwa mbele ya jopo. Huulizwa ni kwa nini ameichagua njia hii na si ile nyingine, kama amewahi kufuatana na daktari wa namna hiyo kazini, na angefanya nini iwapo mgonjwa atakataa dawa. Vijana hujiandaa kwa miezi, wakayakariri majibu hata yakawa laini kama kokoto za mtoni. Kisha hutokea swali dogo ambalo halikuwamo katika matayarisho, na hapo ndipo mtu halisi huonekana.

Je, hayo yana uhusiano gani na Lorugum? Nasema yana uhusiano mkubwa. Lorugum, magharibi mwa Lodwar, ndiyo makao makuu ya kaunti ndogo ya Loima. Mama anayeteremka kutoka milima ya Loima na mtoto mgongoni hana Kiingereza, na Kiswahili chake ni kile cha kuuzia mbuzi. Anayempokea huenda akawa tabibu kijana aliyezaliwa mbali, mwenye cheti kisicho na doa, asiyejua neno la Kiturkana. Mkalimani huwa ni yeyote aliye karibu: mfagizi, mlinzi wa lango, au binti wa mgonjwa mwenyewe. Hebu msomaji afikiri juu ya binti wa miaka kumi akimfasiria mamake maswali ya ugonjwa wa tumbo la uzazi, mbele ya mwanamume mgeni.

Sisi wanaisimu tuna mambo tunayoyaona madogo darasani ambayo huwa makubwa zahanati. Chukua maamkizi. Mturkana huamkiwa "Ejoka?", naye hujibu "Ejok", yaani ni vizuri. Hulijibu hivyo hata mwenye homa, kama vile Mswahili anavyosema "sijambo" kwanza, halafu baada ya kitambo, "ila usiku sikulala." Ugonjwa umo katika hiyo "ila". Tabibu asiyejua adabu hii huandika katika daftari kwamba mgonjwa hana malalamiko makubwa, akamwita anayefuata. Tena lugha yenyewe ina tabia ya kumhadaa sikio la mgeni: Gerrit Dimmendaal, katika kitabu chake cha 1983 juu ya lugha ya Kiturkana, alizieleza irabu za mwisho wa maneno zinazotamkwa bila mghuno, kwa pumzi tu, ambazo asiyezizoea haamini hata kwamba zimetamkwa.

Au chukua ugonjwa wa uvimbe wa maji unaosababishwa na minyoo ya mbwa, hidatidi kwa jina la kitaalamu. Turkana ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopata kuandikwa kuwa na kiwango kikubwa kabisa cha ugonjwa huo duniani, hata AMREF ikaanzisha mpango wa kuudhibiti huko mwaka 1983. Kuutafuta chanzo chake kwataka daktari amuulize mama jinsi mbwa anavyoishi na watoto nyumbani mwake. Swali hilo, likiulizwa vibaya, ni tusi juu ya usafi wa mama huyo. Likiulizwa vizuri, ni mazungumzo ya majirani wawili. Hakuna karatasi ya KCSE inayoweza kutuambia ni kijana yupi ataliuliza vizuri.

Sheria yetu nayo ina kichekesho chake. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, humpa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumiwa kortini. Mwizi wa ng'ombe hawezi kuhukumiwa kwa lugha asiyoijua. Mgonjwa je? Sheria ya Afya ya 2017 inasema aelezwe habari za ugonjwa wake kwa lugha anayoielewa, "inapowezekana". Neno hilo moja limebeba mzigo wote. Nani aamuaye kinachowezekana? Si tabibu aliye Lorugum saa nane ya usiku, maana kwake mambo yamekwisha kuamuliwa. Kiliamuliwa miaka mingi nyuma, siku ile walipochaguliwa watakaosoma, na sikio lisihesabiwe kuwa sifa.

Wako watakaosema: basi tulete mahojiano, yaishe. Sivyo. Mahojiano ya aina tuliyoyazoea yanaweza kuwa mabaya kuliko alama. Niliwahi kualikwa katika jopo la kuwateua vijana wa kufadhiliwa masomo ya afya, katika mji mmoja wa kaskazini, waliotualika sitawataja. Kila aliyeingia aliambiwa kwa Kiingereza, "Tuelezee habari zako." Msichana mmoja akaanza na babake, akaja kwa mamake, akataja mahali familia inapohamia wakati wa kiangazi na jinsi alivyomwuguza nyanyake hata akafariki. Alikuwa akijieleza kwa utaratibu kamili, kwa kuwa kwao mtu hujulikana kwa watu wake, na kujisifu mwenyewe mbele ya wazee ni utovu wa adabu. Mwenyekiti alimkatiza: "Tunakuuliza wewe." Akanyamaza, akainamisha macho. Katika fomu niliona ameandikiwa na mwenzangu, "Hajiamini." Aliyefuata alikuwa kijana wa shule ya mjini, aliyesema kwamba ana ari, ana maono na ni kiongozi tangu kuzaliwa. Alipata alama za juu. Mgonjwa hakutajwa katika majibu yake hata mara moja.

Liko pingamizi zito zaidi, nami siwezi kulipuuza. Wazazi wengi wanaupenda utaratibu wa alama kwa sababu moja: tarakilishi haina mjomba. Palipo na jopo pana simu ya usiku, na palipo na simu ya usiku mtoto wa mchungaji wa Loima hana chake. Nchi yetu inajua mambo hayo vya kutosha. Lakini dawa yake ipo. Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kilitangaza mwaka 2004 utaratibu ambao umeenea katika shule nyingi za udaktari: badala ya jopo moja, mwombaji hupita vituo kama kumi, dakika chache kila kimoja, na kila kituo kina msaili wake asiyejua mwenzake ametoa alama gani. Anayetaka kupenyeza mpwa wake itambidi apige simu kumi.

Basi vyuo vya mafunzo ya afya vinavyofundisha Turkana, kikiwemo kile cha KMTC kilichoko Lodwar, viruhusiwe kuongeza hatua hiyo juu ya alama, si mahali pa alama. Na vituo viwili au vitatu kati ya hivyo viwe vya mgonjwa na mwombaji, kwa Kiturkana au kwa Kiswahili. Sisemi hata kidogo kwamba wazaliwa wa Turkana peke yao ndio wakubaliwe. Mluhya au Mkamba asiyejua lugha apewe mgonjwa na mkalimani, atazamwe anamtazama nani anapouliza, kama anangoja jibu liishe, kama analirudia neno geni ili alijue. Anayetaka kujifunza huonekana upesi. Kijana wa Kakuma naye, aliyekulia katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 na ambamo Kisomali, Kidinka, Kinuer, Kiarabu na Kiswahili vinapishana katika foleni moja ya zahanati, ataingia vituo hivyo akiwa na utajiri ambao karatasi ya mtihani haikumuuliza.

Gharama si kubwa. Wauguzi wastaafu wapo Lodwar, na vyumba vya madarasa huwa vitupu wakati wa likizo. Kituo kimojawapo kisimamiwe na mama wa Lorugum asiyejua kusoma, akae na mwombaji kwa hizo dakika zake, kisha aulizwe swali moja tu: huyu ungemrudia? Na alama yake ihesabiwe sawasawa na ya profesa.