Matende na Mabusha: Kwa Nini Tandale Wapimwe Wasioumwa

Mkazi wa Tandale mwenye busha au mguu uliovimba hahitaji maabara ili ajue kwamba huenda aliwahi kuambukizwa. Anayehitaji kipimo ni jirani yake mwenye afya, yule anayeshusha magunia ya nafaka katika Soko la Tandale bila kuhisi maumivu yoyote. Walio wengi miongoni mwa watu wenye vimelea vya matende na mabusha hawaoneshi dalili ya nje, na ni kupitia damu yao mbu huendelea kupata vimelea vya kupeleka nyumba ya pili.

Minyoo wanaosababisha ugonjwa huu, Wuchereria bancrofti, huishi katika mishipa ya limfu kwa wastani wa miaka 6 hadi 8. Katika muda huo huzaa mamilioni ya vimelea vichanga vinavyoingia katika damu, huku madhara katika mishipa yakijengeka taratibu. Uvimbe unapoonekana, mara nyingi miaka mingi imekwisha kupita tangu maambukizi, na baadhi ya wenye uvimbe huwa hawana tena kimelea hai. Ndiyo maana hesabu ya wagonjwa wanaoonekana mtaani haitoshi kueleza kama maambukizi yanaendelea.

Kwa miaka mingi ugumu wa upimaji ulitokana na saa. Vimelea vichanga hujitokeza kwa wingi katika damu ya pembeni kati ya saa 4 na saa 8 usiku, wakati uleule ambao mbu aina ya Culex huuma. Mtaalamu aliyetaka kuviona kwa darubini alilazimika kubisha hodi usiku katika vichochoro vya uswahilini na kuomba damu ya mtu aliyelala mzima. Katika ukanda wa pwani, ambako hadithi za mumiani hazijasahaulika, si ajabu milango mingine ilibaki imefungwa.

Kipimo cha haraka kimeondoa kikwazo hicho. Hutumia tone la damu ya kidoleni kutafuta antijeni, yaani chembechembe zinazotoka kwa minyoo wakubwa, na kwa kuwa hizo huwapo katika damu usiku na mchana, upimaji unaweza kufanyika asubuhi shuleni au katika ofisi ya serikali ya mtaa. Kipimo cha utepe kinachotumika sasa husomwa baada ya dakika 10. Kikiachwa muda mrefu zaidi kinaweza kuonesha maambukizi yasiyokuwapo. Aidha, antijeni huweza kubaki katika damu kwa muda hata baada ya minyoo kuacha kuzaa. Jibu chanya, kwa hiyo, si hukumu kwamba mhusika anaambukiza wengine, na halimaanishi kwamba atavimba. Linamaanisha kwamba anastahili dawa na ufuatiliaji.

Swali ambalo wazazi huwa nalo ni kwa nini wanaopimwa ni watoto wa miaka 6 na 7. Sababu ni umri wenyewe. Mtoto aliyezaliwa na kukua wakati dawa za kingatiba zikigawiwa hakupaswa kukutana na vimelea. Akikutwa navyo, maambukizi hayo ni ya karibuni. Kwa kumpima mtoto, wataalamu wanalipima pia eneo analoishi. Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, upimaji huo hufanyika baada ya angalau awamu 5 za ugawaji wa dawa ambazo kila moja imefikia asilimia 65 ya wakazi wote. Pale mbu anayeeneza ni Culex, kiwango cha antijeni kwa watoto hao kinapaswa kuwa chini ya asilimia 2 ili ugawaji usitishwe.

Hapo ndipo penye uzito kwa kata kama Tandale. Tanzania ilianza ugawaji wa ivermektini na albendazoli kisiwani Mafia mwaka 2000, kisha ikaupanua hadi mikoa mingine, Dar es Salaam ikiwamo. Dawa hizo hufyeka vimelea vichanga lakini haziui kwa uhakika minyoo wakubwa, hivyo lazima zirudiwe kila mwaka. Kidonge kilichopokelewa kwa heshima mbele ya mhudumu na kutupwa baadaye, pengine kwa kuhofia uvumi wa kupungua nguvu za kiume, huhesabiwa katika taarifa kana kwamba kimemezwa. Kipimo cha damu ndicho kinachofichua tofauti hiyo.

Mazingira nayo hayasamehe kosa. Culex huzaliana katika maji machafu: vyoo vya shimo vilivyojaa maji, makaro yaliyo wazi na mitaro iliyoziba, hali inayofahamika vyema kwa wakazi wa kando ya Mto Ng'ombe. Dawa ikisitishwa mapema mahali penye mbu wengi kiasi hicho, watu wachache wenye vimelea wanatosha kuurudisha ugonjwa.

Ndiyo maana eneo likifaulu mara ya kwanza halifutwi katika orodha. Upimaji hurudiwa mara 2 zaidi, kwa vipindi vya miaka 2 hadi 3, na watoto wapya wa miaka 6 na 7 huombwa tone la damu.