Mwacheni jamaa, rula ndiyo mbovu

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya mradi. Leo sina stori ya bweni wala ya msosi wa kafeteria. Nina ugomvi.

Jana kwenye semina jamaa yetu mmoja kaambiwa arudie kazi ya mwezi mzima. Katengeneza kopolima ya nyota: mikono minne, ndani polistaireni, nje PMMA, ile plastiki inayofanana na kioo. Kwa hesabu ya malighafi alizotumia, uzito wa molekuli ulitakiwa uwe kama 31,000. Mashine ya kromatografia ikatoa 26,000. Hukumu hapohapo: mmenyuko haukukamilika. Ukumbi kimya, na mimi nikiwemo, naona aibu kusema.

Sasa nauliza, tangu lini ile mashine ikapima uzito? Inachambua ukubwa wa molekuli ikiwa ndani ya myeyusho, basi. Kubwa haziingii kwenye vitundu vya kolamu, zinatoka mapema. Ndogo zinazurura humo, zinachelewa. Halafu sisi tunageuza dakika kuwa uzito kwa rula ya polistaireni iliyonyooka, isiyo na tawi hata moja. Nyota imejikunyata! Zimm na Stockmayer walishapiga hesabu hii mwaka 1949: kinadharia, nyota ya mikono minne iliyo sawa, mraba wa nusukipenyo chake ni 0.625 tu ya ule wa mnyororo ulionyooka wenye uzito uleule. Mtu wa kilo 80 akijikunja kwenye kiti cha daladala hajawa wa kilo 60 jamani.

Kwa hiyo nyota nzima ya 31,000 kusomeka 26,000 wala haishangazi. Inawezekana kweli kuna mikono haikukua, sikatai. Ila namba ile haiwezi kumtia mtu hatiani.

Mwingine kadakia, "basi tutumie mtawanyiko wa nuru", kajiona kamaliza. Taratibu kaka. Hii ni kopolima, na kila sehemu inaipinda nuru kivyake. Yeyusha kwenye toluini uone: PMMA inaipinda nuru karibu sawa na toluini yenyewe, kwa hiyo leza karibu haiioni. Inaona polistaireni tu. Ndiyo maana Bushuk na Benoit mwaka 1958 walionyesha kwamba unapaswa kupima kwenye viyeyushi vitatu au zaidi. Nani hapa kwetu kapima hata viwili?

Na dawa ipo tangu 1967, ilitoka Strasbourg. Grubisic, Rempp na Benoit walizidisha uzito wa molekuli kwa mnato wake, na nyota, masega na minyororo iliyonyooka vyote vikakaa kwenye mstari mmoja. Msiniambie hatuna vifaa. Mrija wa kioo wa kupimia mnato upo kabatini unakula vumbi. Unataka beseni la maji yenye joto lisilobadilika, saa ya kuhesabu sekunde na uvumilivu. Kiyeyushi kiwe kilekile cha kwenye mashine. Sampuli ya jamaa ina molekuli zinazokaribiana ukubwa, kwa kuanzia inatosha.

Anayeona uvivu aandike wazi kwenye ripoti: "uzito kwa kulinganisha na polistaireni iliyonyooka". Maneno sita tu, hayamgharimu kitu. Siyo kuandika 26,000 kavukavu halafu mwenzako akamwage kazi yake.

Jumatatu nanyoosha mkono. Mrija nimeshauosha.