Mbuzi ya Nazi Kabla ya Kilimanjaro

Kuchora kwa kujifurahisha kunahitaji penseli, karatasi na kitu cha kutazama. Cha tatu ndicho kinachodaiwa kuwa adimu. Wengi huamini kwamba kitu cha kuchorwa sharti kiwe kizuri chenyewe: machweo ya jua baharini, twiga chini ya mgunga, mlima wenye theluji, morani na mkuki wake. Asiyekuwa karibu na vitu hivyo hungoja msukumo, na akingoja sana penseli huishia droo­ni. Imani hiyo ni potofu tangu mzizi wake.

Mzizi wenyewe uko kwenye maduka ya picha za watalii. Picha hizo huchorwa ziuzwe kwa mgeni anayetaka ukumbusho wa safari, na kwa kazi hiyo zinafaa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968, jijini Dar es Salaam, kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, wageni wa Oyster Bay walikuwa miongoni mwa wateja wake, na hakuna aibu katika hilo. Riziki ni riziki. Lakini anayechora jioni baada ya kazi hauzi kitu. Hakuna sababu ya kuchaguliwa cha kuchora na mteja asiyekuwepo.

Zaidi ya hayo, vitu hivyo vinavyosifiwa ni vibaya kwa penseli. Machweo ni rangi; rangi ikiondolewa, hubaki mstari mmoja na nusu duara. Kilimanjaro ina mita 5,895, lakini kutoka mbali ni mstari unaopanda, ukalala, ukashuka, na mkono humaliza kazi kabla jicho halijaanza. Kibaya kuliko vyote, kila mtu ameshaiona kwenye kalenda, fulana na vibandiko vya chupa. Anayeketi kuichora hudhani anautazama mlima, kumbe mkono unanakili kalenda.

Mbuzi ya nazi haiko kwenye kalenda. Ni mbao mbili zinazopishana, kikalio juu, na ulimi wa chuma wenye meno mbele, lakini mchoraji akiikazia macho hukuta maswali kila inchi. Mguu upi uko mbele ya mwenzake? Pembetatu tupu iliyo kati ya miguu ina upana gani? Swali hili la pili ndilo lenye faida kubwa, kwa maana ikichorwa sawasawa ile nafasi tupu, miguu yenyewe hujikuta mahali pake. Kikalio kilichokaliwa miaka mingi hung'aa katikati kuliko pembeni. Mng'ao huo hauchorwi, huachwa karatasi nyeupe. Meno nayo yakichorwa moja moja hugeuka msumeno wa kitoto; yanataka kivuli kimoja cha pamoja, na machache tu yaonyeshwe ncha. Sufuria iliyo kando yake inafundisha jingine. Kila mtu anajua mdomo wa sufuria ni mviringo, na ujuzi huo ndio unaomponza, kwa sababu jicho linaloitazama kwa upande huona duaradufu, nayo huzidi kuwa nyembamba kadiri jicho linavyoshuka kuukaribia usawa wa mdomo.

Wakubwa wa fani hii walijua zamani kwamba vitu vya kawaida vinafaa kuchorwa. Mwaka 1503 Albrecht Dürer, Mjerumani, alichora kwa rangi za maji bonge la udongo lenye majani na magugu, na picha hiyo bado inahifadhiwa Vienna. Hokusai wa Japani alianza mwaka 1814 kuchapisha vitabu vya michoro vilivyojaa mafundi, watu wanaooga, samaki na wadudu. Atakayejibu kwamba Hokusai alichora pia mlima Fuji atazame alivyouchora. Katika picha moja fundi mapipa yumo ndani ya pipa kubwa lisilo na kitako, analiranda, na Fuji ni kijipembe kidogo kinachochungulia kupitia duara la pipa hilo. Na Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, ambaye Kilimanjaro ilikuwa juu ya paa la kwao? Picha yake ya mwaka 1956 iliyomo katika jumba la sanaa ya kisasa la New York inaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku.

Hudaiwa kwamba vitu vya nyumbani huchosha. Huchosha kwa anayevichora kwa saa ileile, mahali palepale. Ndala zilizoachwa mlangoni saa mbili asubuhi zina vivuli virefu. Saa sita jua likiwa utosini vivuli hujificha chini ya soli, na ndala zilezile zinakuwa mchoro mwingine. Mchoraji Giorgio Morandi alizirudia chupa na mitungi michache mjini Bologna kwa miongo kadhaa, hadi alipofariki mwaka 1964.

Watu ni wagumu zaidi, kwa kuwa hawatulii. Njia ni kuwaendea wanapolazimika kutulia: foleni ya zahanati, kiti cha kinyozi, baraza la bao, ambako mchezaji anayehesabu kete zake huinama hivyo hivyo kwa dakika nzima. Mstari wa mgongo hutangulia, kichwa kikafuata, uso mwisho au usiwepo kabisa. Wapo wasiopenda kuchorwa, na akikataa mtu haki ni yake. Ubao haukatai. Una mashimo 32, mara nyingi mawili kati yake, zile nyumba, yakiwa ya mraba. Mengine ni duaradufu zinazozidi kubanwa kadiri safu inavyokwenda mbali na mtazamaji.