Mbegu ya mhogo haichoki, inaugua

Mahindi ya mbegu hufungwa kwenye mfuko yakasubiri msimu. Pingili za mhogo hazina subira hiyo. Wiki chache baada ya kukatwa huwa zimekauka. Kwa hiyo familia inayokimbia Mucojo, katika pwani ya Macomia huko Cabo Delgado, haiachi nyuma chakula peke yake, inaacha na mbegu. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, watu wa pwani hiyo wamehama, wakarudi, wakahama tena. Januari 2024 Mucojo yenyewe iliingia mikononi mwa wapiganaji. Anayerudi shambani anahitaji pingili, na mwenye njaa haulizi zimetoka wapi.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapoingia. Anayevusha makopa, unga au samaki wakavu kwenye Mto Ruvuma, iwe kwa kivuko cha Kilambo au Daraja la Umoja la Mtambaswala, ndiye pia anayeweza kuombwa mzigo wa pingili. Maneno ya kuuzia nayo yapo tayari: mbegu ya zamani imechoka, nunua mpya. Maneno hayo yanaingia akilini kwa urahisi, kwani kila kiumbe huzeeka. Lakini kwa mhogo si kweli, na kosa hilo lina gharama.

Ndani ya kila seli ya mmea mna kromosomu, nyuzi zinazobeba maelekezo ya urithi. Ncha za nyuzi hizo zina kinga iitwayo telomea, mfano wa ukindu unaopindwa kwenye ukingo wa mkeka usifumuke. Katika mimea mingi kinga hiyo ni herufi saba za kikemikali, TTTAGGG, zinazojirudia maelfu ya mara. Seli inapogawanyika, kipande kidogo cha ncha hupotea. Kama hakuna cha kukirudisha, mwishowe kinga huisha na kromosomu huanza kushikana ovyo.

Mmea una fundi wa kurudisha kilichopotea: kimeng'enya kiitwacho telomerasi. Kwa binadamu, seli nyingi za mwili hukizima kimeng'enya hicho. Kwa mmea, hufanya kazi pale panapokua, yaani kwenye chipukizi, ncha za mizizi na maua, kisha hunyamaza katika jani lililokomaa. Wala hakiachiwi kurefusha bila mpaka. Protini nyingine hukidhibiti, na kila aina ya mmea ina kipimo chake. Kijimea cha Arabidopsis, jamaa wa haradali, hutosheka na herufi elfu chache, ilhali telomea za tumbaku zinaweza kufika 150,000. Watafiti walipokiondolea Arabidopsis telomerasi, hakikufa mara moja. Telomea zilifupika kizazi hadi kizazi, na takriban kizazi cha kumi ndipo mimea iliposhindwa kuzaa.

Pingili ya mhogo huota kutokana na macho yake, na kila jicho ni chipukizi lililolala. Likiamka, ukarabati wa ncha huendelea. Ndiyo maana mhogo mmoja unaweza kukatwa na kupandwa upya miongo kwa miongo bila kufikia uzee. Ushahidi uko hapa hapa Afrika Mashariki. Aina iitwayo Namikonga nchini Tanzania na ile iitwayo Kaleso nchini Kenya zimebainika kuwa mmea uleule, uliotokana na kazi ya watafiti wa Amani, Usambara, enzi za ukoloni. Umevuka mpaka na kupewa jina jipya, na hadi leo watafiti wanautumia kuzalisha mihogo inayostahimili magonjwa. Mbegu iliyochoka haiwezi kazi hiyo.

Basi kinachopunguza mavuno ni nini? Rutuba na mvua vina sehemu yake, lakini katika pwani hii mtuhumiwa mkubwa ni virusi. Batobato hukunja majani na kuonekana mapema. Michirizi kahawia, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza Tanganyika mwaka 1936, ni wa hila zaidi. Shina linaweza kuonekana zima na majani yakapendeza, kumbe mhogo chini ya udongo umeoza. Inzi weupe husambaza virusi kutoka shamba hadi shamba, lakini wanaovivusha mito na mipaka ni watu, kwa mafungu ya pingili. Pingili yenye virusi huzaa mmea wenye virusi, na shambani hakuna dawa.

Kuita ugonjwa uchovu kunaleta hasara mara mbili. Mkulima hutupa aina ya asili ambayo ingeweza kusafishwa, kisha hununua "mpya" inayoweza kuwa na virusi vilevile. Usafishaji huo hufanyika maabara kwa kukuza ncha changa kabisa ya chipukizi, sehemu ambayo mara nyingi virusi huwa havijaifikia.

Kufunga mpaka si jibu. Pingili zitapita kwa mitumbwi usiku, na hazitakaguliwa na yeyote. Tanzania ina mashamba ya mbegu za mhogo yanayokaguliwa na TOSCI, na kituo cha utafiti cha Naliendele kiko Mtwara, si mbali na mto. Msumbiji ina taasisi yake ya utafiti wa kilimo, IIAM. Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini nchi zote mbili ni wanachama wa SADC, yenye mpango wa kuoanisha kanuni za mbegu. Kinachotakiwa ni cheti kinachosomeka kwa Kiswahili na Kireno, kinachokubalika kingo zote mbili, na ada ambayo mwenye mafungu ishirini anaweza kuilipa.

Wakati huo mfanyabiashara asingoje serikali. Auze makopa kama chakula, na pingili azichukue tu kwenye shamba lililokaguliwa, ambako ameona mihogo ikichimbwa na kupasuliwa mbele yake. Mteja wa Mucojo akivuna uozo baada ya mwaka mzima wa kulima, hatakuwa na makopa ya kuuza wala fedha ya kununulia unga. Soko litakuwa limekufa kwa bidhaa iliyovushwa na mfanyabiashara mwenyewe.