Mchonga Spea Siyo Kibarua, Sheria Ilishasema

Vijana wenzangu, kila mgombea wa CCM akipanda jukwaani lazima ataje viwanda. Mwaka 2015 tuliahidiwa Tanzania ya viwanda. Mpango wa Pili wa Maendeleo, 2016/17 hadi 2020/21, ukaubeba wimbo huo huo. Julai 2025 ikazinduliwa Dira ya 2050, na viwanda vimo tena. Sawa, tumesikia. Mimi nina swali moja tu: yule fundi anayechonga shafti za mashine za kusaga pale mtaani kwenu, ana mkataba?

Jibu unalo. Hana.

Tuielewe kazi yenyewe kwanza, maana wengi wanadhani ni kukata vyuma tu. Chukua beringi namba 6205, zimejaa kwenye mota na pampu. Tundu lake lina milimita 25. Shafti inayoingia humo ikizidi kidogo, beringi inabanwa, inapata moto, inakufa kabla ya siku zake. Ikipungua, inacheza na kuila shafti yenyewe. Hilo "kidogo" ni sehemu mbili tatu za mia za milimita moja. Unywele wa kichwani kwako ni mnene kuliko hapo. Fundi anasimama mbele ya mashine ya kukereza, chuma kinazunguka mara mamia kwa dakika, anasogeza kisu taratibu, anazima, anapima kwa maikromita, anarudia. Akipitiliza mara moja tu, chuma cha mteja kimeharibika, na hela anakatwa yeye.

Sasa mtu wa namna hiyo anaitwa deiwaka!

Gia ikivunjika kwenye mtambo wa kukamua alizeti Singida, kuna njia mbili. Uagize spea nje ya nchi usubiri, au fundi akuchongee. Hakuna njia ya tatu. Kiwanda kisicho na mtu wa kuchonga spea ni banda lenye mashine zinazosubiri kufa.

Waliotutangulia walilijua hili. Chini ya Mkakati wa Viwanda vya Msingi, 1975 hadi 1995, nchi ilijenga Kilimanjaro Machine Tools kwa msaada wa Bulgaria, kiwanda cha kutengeneza mashine zinazotengeneza mashine nyingine. Kule Mang'ula, Kilombero, palikuwa na karakana kubwa iliyotokana na ujenzi wa TAZARA. Miaka nenda rudi tunaambiwa neno moja tu kuhusu viwanda hivi: "vinafufuliwa". Jamani, kinachofufuliwa ni kile kilichokufa. Kilikufa mikononi mwa nani? Chama kilichoshika dola ni kile kile tangu 1977.

Lakini leo sitaki niishie kwenye magofu. Nasoma sheria, na kwenye sheria kuna kitu ambacho mafundi wetu hawajaambiwa.

Fungua Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Kinasema mtu atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama mojawapo ya mambo kadhaa lipo. Namna anavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine. Saa zake za kazi zinapangwa na mtu mwingine. Amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anamtegemea kiuchumi. Anapewa vifaa vya kazi. Anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Moja linatosha. Sasa mwangalie fundi wetu: anaingia saa mbili asubuhi, anatoka bosi akiruhusu, mashine ya bosi, kazi za bosi, miaka minne mfululizo. Yeye ana karibu yote! Halafu akidai mkataba anajibiwa, "wewe tunakulipa kwa kazi, siyo mfanyakazi wetu." Huo ni uongo wa kisheria, na serikali inaufahamu.

Kaka yangu ni mchonga vyuma. Ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye mikono yake. Mwaka jana kipande cha chuma cha moto kiliruka kikamwingia jichoni. Miwani ya kinga haikuwepo, ingawa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Bosi alimpa elfu hamsini na neno "pole". Tulipofuatilia fidia, tukakuta karakana haijasajiliwa kabisa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Leo anasoma maikromita kwa jicho moja.

Mnajua mchango wa mfuko huo ni kiasi gani? Asilimia 0.5 ya mshahara, na anayelipa ni mwajiri. Kwa fundi wa laki tatu kwa mwezi, ni shilingi 1,500. Elfu moja na mia tano, jamani! Hiyo ndiyo bei ambayo jicho la kaka yangu limekosa.

Nawasikia wanaosema, tena wengine ni wa kwetu: "Mkizibana karakana ndogo zitafungwa, vijana watakosa hata hicho kibarua." Hoja hii naiheshimu, kwa sababu mwenye karakana naye anakabwa na kodi, na umeme ukikatika kazi inalala. Ndiyo maana sisemi maofisa waende na pingu. Nasema waende na fomu. OSHA na maofisa kazi wapite karakana kwa karakana, wasajili kwanza, faini ije baadaye kwa atakayekaidi. Halafu mamlaka za maji, reli na halmashauri zipeleke kazi za kuchonga vipuri kwenye karakana zilizosajili watu wake. Mwenye karakana akiona mkataba unamletea tenda, hatahitaji kusukumwa. Na ile tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, sehemu yake iwafuate mafundi waliojifunzia kazini, wapimwe na wapewe vyeti. Serikali iliyoshindwa mambo haya mepesi itajengaje nchi ya viwanda?

Wakati tunapigania hayo, kuna mambo ya kufanya leo. Fundi, andika kwenye daftari siku na saa zako za kazi. Usifute meseji za malipo kwenye simu. Piga picha kazi unazochonga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi. Asipoweza kuyatoa mbele ya shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti unakuwa wake, siyo wako. Ukifukuzwa, una siku 30 tu za kufika CMA. Madai mengine ni siku 60. Ukichelewa, bosi anaweza kushinda bila hata kujibu.

Matawi yetu ya vijana, hii ni kazi yenu. Chapeni kifungu cha 61 kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, herufi kubwa. Jumamosi nendeni kwenye karakana za jirani muda wa chakula, kaeni na mafundi, msome pamoja. Fulana za chama acheni nyumbani kama zitamponza fundi kwa bosi wake. Beba karatasi na kalamu, na ukiondoka uwe umeandika majina ya wanaotaka msaada wa kufungua madai.