Meza ya Fundi: Winchi ya Reli Inapogoma



Toleo lililopita tuliishia kwenye kusafisha reli na magurudumu. Tangu hapo swali ninaloulizwa zaidi kwenye mikutano ya chama ni moja: ile winchi ya reli tuliyoachiwa na wenzetu waliohitimu itafanya kazi, au itabaki pambo la kabati? Swali lina haraka yake. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na safari hii tumekubaliana kuweka meza ya treni ndogo ambapo wanafunzi wa shule watazungusha mpini wenyewe huku wakitaja kila kitendo kwa Kiswahili: shusha, funga, nyanyua, geuza, tua. Mtoto akizungusha mpini na ndoano isishuke, somo limekufa hapo hapo. Basi mwezi huu tuikague winchi kuanzia gurudumu hadi ndoano.

Winchi hii ni ya kazi gani

Kwenye reli halisi winchi ya namna hii hukaa kituoni ikisubiri balaa. Treni ikiacha reli, winchi huvutwa na injini hadi mahali pa ajali, hunyanyua mabehewa yaliyolala, huyarudisha relini au huyaweka kando ili njia ifunguliwe. Zama za mvuke, kampuni za Uingereza kama Cowans Sheldon ya Carlisle na Ransomes & Rapier ya Ipswich ziliuza winchi hizo katika nchi nyingi. Ili uone ukubwa wa kazi, fikiria injini za Garratt daraja la 59 zilizopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi: moja ilikuwa na uzito wa takriban tani 250. Mojawapo, namba 5918 iitwayo Mount Gelai, bado ipo kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Ukisimama kando yake utaelewa kwa nini mzigo wa aina hiyo hunyanyuliwa upande mmoja kwanza, au kwa winchi mbili, moja huku na moja kule.

Ya kwetu ni ndogo, lakini kanuni ni zile zile. Ina behewa lenye bogi mbili, kibanda kinachozunguka juu ya nguzo ya kati, mkono mrefu unaopanda na kushuka, ngoma mbili za kukunjia kamba (moja ya mkono, moja ya ndoano), kapi kwenye ncha ya mkono, na ndoano. Nyuma ya kibanda kuna uzito wa kusawazisha. Winchi nyingine, kama baadhi ya zile za Märklin, zina mota ndani na huendeshwa kwa kidhibiti cha mezani. Yetu ina mipini ya kuzungusha kwa mkono, na kwa watoto hiyo ni afadhali: wanausikia mzigo kwenye vidole.

Hesabu kabla ya ndoano

Waliosoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi Tanzania watakumbuka maneno matatu: egemeo, mzigo, jitihada. Hapa yanaamua kama winchi itasimama au itapinduka.

Reli zetu zina upana wa milimita 16.5, yaani kutoka katikati ya behewa hadi reli ya pembeni ni milimita 8.25. Tuseme behewa na kibanda vina gramu 120, na mkono umegeuzwa pembeni kabisa, ndoano ikining'inia milimita 80 kutoka katikati. Egemeo ni reli ya upande wa mzigo. Behewa linapinga kwa 120 mara 8.25, ambayo ni 990. Mzigo uko milimita 71.75 nje ya egemeo. Gawanya 990 kwa 71.75 upate kama gramu 13.8. Ukizidisha hapo, winchi inalala.

Sasa geuza mkono uelekee mbele, sambamba na reli. Egemeo linahama: ni gurudumu la mwisho la mbele, tuseme milimita 45 kutoka katikati. Behewa linapinga kwa 120 mara 45, sawa na 5,400, na mzigo uko milimita 35 tu nje ya egemeo. Jibu ni gramu 154. Winchi ile ile, mkono ule ule, lakini uwezo umeongezeka mara 11.

Hesabu hii nimeirahisisha, kwa kuwa uzito wa mkono wenyewe na wa kusawazisha nimeuacha nje. Hata hivyo unaweza kuijaribu kwa sarafu. Sarafu ya randi 5 ina takriban gramu 9.5. Mkono ukiwa pembeni, sarafu moja itanyanyuka. Ukiongeza ya pili, shika behewa kwa mkono mwingine. Ndiyo sababu winchi halisi zina miguu ya kuegemea inayochomolewa pande zote mbili na kukazwa juu ya magogo. Mguu ukifika milimita 25 kutoka katikati, hesabu inakupa gramu 54 na ushee: sarafu tano zinanyanyuka, ya sita ni kujitafutia. Winchi nyingi za mfano zina miguu hiyo ya plastiki lakini watu huiacha imefungwa kwa sababu inapendeza zaidi hivyo. Kwenye meza yetu mzigo si kanda la usufi. Miguu itoke.

Taratibu za kuendesha

Kwanza, chagua mahali palipo sawa na palipo nyooka. Reli ikiinama hata kidogo, ile milimita 8.25 yako inapungua kabla hujaanza.

Pili, zuia magurudumu kwa vipande vidogo vya mbao, kisha chomoa miguu.

Tatu, pandisha mkono kabla ya kugeuza kibanda. Mkono ulio wima zaidi huleta mzigo karibu na egemeo, na hautapiga nyumba wala nguzo za mandhari.

Nne, ndoano iwe juu kabisa ya mzigo kabla ya kunyanyua. Winchi ni ya kunyanyua wima. Ukivuta mzigo kwa mshazari, kamba inaruka nje ya kapi na behewa linapinduka kwa mzigo ambao lingeuweza.

Tano, shusha kamba kwa kiasi, ukibakiza mizunguko miwili au mitatu kwenye ngoma. Sababu utaiona hapa chini.

Sita, safari ikianza, mkono ulazwe juu ya behewa tambarare la kusindikiza na ndoano ifungwe. Mkono unachomoza nje ya behewa lake, kwa hiyo bila behewa la kusindikiza utagonga jirani kwenye kila kona.

Magonjwa na tiba zake

Ndoano haishuki. Hili ndilo lililoikumba ya kwetu. Mara nyingi mpini na ngoma ni vizima. Kasoro ni wepesi wa ndoano. Kamba iliyokaa imekunjwa miaka mingi inakuwa ngumu kama waya, na ndoano ya plastiki haina uzito wa kuinyoosha. Wavuvi wanaijua dawa: mshipi bila chubwi hauzami. Tulitoa kamba ya zamani, tukaweka mshipi laini wa kusokotwa kutoka duka la vifaa vya uvuvi, na juu ya ndoano tukabana chubwi dogo. Inashuka yenyewe sasa. Chubwi la risasi lipakwe rangi au lifunikwe, na watoto wanawe mikono wakimaliza, kwani risasi ni sumu. La chuma ni bora zaidi ukilipata.

Ukizungusha kushusha, ndoano inapanda. Kamba ilifunguka yote, ikapita mwisho, ikaanza kujikunja upande wa pili wa ngoma. Ndiyo sababu ya mizunguko ile miwili au mitatu. Fungua kamba hadi mwisho na uikunje upya kwa mwelekeo sahihi, ukiishika kwa vidole ili ikaze.

Mzigo unapanda kisha unateleza kushuka. Angalia kama winchi ina gia ya parafujo, yaani parafujo inayozungusha gurudumu lenye meno. Gia hiyo kwa kawaida hujizuia yenyewe: mpini unaweza kugeuza ngoma, ngoma haiwezi kugeuza mpini. Ikiteleza, tazama kama ngoma imelegea kwenye mhimili wake. Shika mpini usitikisike, kisha jaribu kuzungusha ngoma kwa kidole. Ikizunguka, tone dogo la gundi kati ya ngoma na mhimili litatosha. Gundi isifike kwenye matundu ya pembeni. Winchi isiyo na parafujo hutegemea jino la kuzuia lenye springi. Hapo springi ndiyo ya kukaguliwa.

Kibanda kinageuka kwa kushtuka. Grisi ya zamani imeganda. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana kwa kuwa plastiki nyingine huharibiwa na spiriti. Kisha weka grisi isiyodhuru plastiki, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Kwenye winchi yenye mota, kagua pia nyaya zinazopita kwenye nguzo ya kati. Kibanda kikizungushwa upande mmoja tu kila siku, nyaya hujisokota hadi zikatike. Mazoea mazuri ni haya: ulikokwenda, rudi kwa njia ile ile.

Mota kimya. Anza na reli, kama tulivyoeleza toleo lililopita. Zikiwa safi, tumia multimita kupima kama umeme unafika kwenye magurudumu, halafu kwenye bapa za shaba zinazogusa magurudumu, halafu kwenye mota. Panapokosekana umeme ndipo penye ugonjwa. Kwenye mfumo wa kidijitali, kumbuka kwamba kifaa kipya huja na anwani namba 3 mara nyingi. Huenda unamwita mtu kwa jina lisilo lake.

Mota inavuma, hakuna kinachosogea. Gia ya plastiki imepasuka kwenye mhimili. Ufa wake ni mwembamba kama unywele; utumie kioo cha kukuzia.

Behewa linaacha reli. Winchi ni nzito juu na nyepesi chini, hivyo kosa dogo la magurudumu huonekana kwake kwanza. Pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya mhimili mmoja: kwa reli ya milimita 16.5 iwe takriban milimita 14.4. Kisha tazama skrubu za bogi. Moja ikazwe kiasi kwamba bogi inageuka bila kuyumba pembeni. Ya pili iachwe na ulegevu kidogo ili bogi ifuate mabonde ya reli. Zote mbili zikikazwa, gurudumu moja litabaki hewani.

Kwa nini Kidatu

Wengine wameuliza kwa nini tumechagua Kidatu kwenye meza, wakati tuko Johannesburg. Jibu liko kwenye upana wa reli. Afrika Kusini hutumia milimita 1,067. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina upana huo huo, ndiyo maana treni ya kitalii ya Rovos Rail huweza kwenda kutoka Cape Town hadi Dar es Salaam. Lakini reli ya zamani ya Afrika Mashariki, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, na ile ya kati ya Tanzania, zina milimita 1,000. Mbili hizi zinapokutana Kidatu, mkoani Morogoro, behewa la moja haliwezi kuingia kwenye nyingine. Miaka ya 1990 ikafunguliwa pale sehemu ya kuhamishia makontena: mzigo unanyanyuliwa kutoka reli moja na kutuliwa kwenye nyingine.

Tofauti ni milimita 67. Kwa kipimo cha 1 kwa 87, hiyo ni chini ya milimita moja mezani. Watengenezaji wa treni ndogo huziwakilisha zote mbili kwa reli ya milimita 12, wala hakuna mgeni atakayegundua. Mezani tumeiondoa kwa kufumba jicho. Kwenye udongo, mzigo kati ya kusini na mashariki unaopitia hapo bado unasubiri ndoano. Nadhani mtoto wa Soweto au wa Yeoville akilishusha kontena lile kwa mkono wake mwenyewe atakuwa ameelewa jambo ambalo ramani haimwambii.

Kabla ya 7 Julai, mnaoweza tembeleeni Makumbusho ya Usafiri ya James Hall, pale Pioneers' Park, La Rochelle. Ipo tangu 1964, na inasaidia kuona chuma chenyewe kabla ya kushika plastiki.

Msamiati wa mwezi

Kapi: gurudumu lenye mfereji ambamo kamba hupita, mabaharia husema pia roda.
Henza: kamba ya kupandishia foromali ya jahazi. Kazi yake ni ile ile ya kamba ya winchi yetu.
Chubwi: uzito unaofungwa kwenye mshipi ili uzame.
Egemeo: mahali ambapo kitu huelemea kinaponyanyuliwa au kupinduka.
Shehena: mzigo wa chombo au wa treni.

Zamu za mazoezi ya mpini zimebandikwa kwenye ubao wa chama. Kila mmoja aje na sarafu zake za randi 5. Toleo lijalo tutazungumzia makutano ya reli na kwa nini treni huchagua njia usiyoitaka. Kwaherini.